Mashua Iliyokwenda Bila Mtu

Mtu mmoja alikuwa na mashua ya matanga mawili, nayo ilihitaji watu wawili. Mtu huyo aliitwa Mafwele. Kwa miaka kumi na minane alivusha vyungu na mahindi kati ya visiwa vya ziwa pamoja na nduguye, mpaka nduguye akapofuka. Wengi walijitolea kuishika nafasi ile. Mafwele akawakatalia wote, maana hakutaka tena kumtegemea mtu ambaye angeweza kuondolewa.

Akaishughulikia mashua miezi mitatu. Kila kamba iliyokuwa ikivutwa kule mbele, penye mlingoti, aliipitisha kwenye kapi, kigurudumu cha kuvutia kamba, akaileta nyuma, mpaka akaweza kupandisha tanga na kulishusha bila kuinuka penye usukani. Usukani nao akautilia kamba za kuushikilia, ili anapokula au kutoa maji, mashua ishike njia yenyewe. Siku ya kuijaribu alikaa mikono mapajani, akaiona inakwenda.

Mkewe Nyangeta aliitazama kazi ile kwa muda. "Baba Bwire," akasema, "umeifundisha kwenda bila nduguyo. Sasa inaweza kwenda hata bila wewe."

Mafwele alidhani anasifiwa.

Safari ya tatu, asubuhi, mbali na kisiwa chochote, aliinuka kukiweka sawa chungu kilichokuwa kikiteleza. Wimbi likaipiga mashua ubavuni, naye akaanguka ziwani.

Alipoibuka aliiona ikienda. Haikuyumba. Haikupunguza mwendo. Kila alichokifunga kilishika vilevile alivyokifunga. Hakuwahi kuiona kutoka nje ikiwa imejaa upepo. Ilikuwa nzuri kuliko alivyojua, nayo ilikuwa inamwacha. Aliita, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Ndipo fundo moja, la tanga la mbele, likafunguka. Tanga likapigapiga, mashua ikaugeukia upepo, ikasimama ikitetemeka, na kamba ikaelea nyuma yake. Mafwele akaogelea hata pumzi ikakaribia kumwishia, akaikamata.

Alipanda, akaketi chini, akaiangalia ile kamba bila kuigusa. Alikuwa ameifunga asubuhi ileile, kwa mikono ileile iliyofunga zile nyingine zote.

Jioni alikwenda kwa nduguye akamsimulia. Yule kipofu akauliza, "Nani alilifungua fundo lile?"



Nanyi mnaoomba kila siku kwamba yote mliyoyafunga yashike: ni nani kati yenu amewahi kushukuru kwa fundo lililomponyoka?