Bi Kanga na Mafungu ya Kokwa

Nianze, nisianze?
— Anza!
Mkisinzia je?
— Tufinye!

Hapo kale, Mola alipowapa wanyama ndimi za kusemea, palikuwa na Bi Kanga, mayai yake kayaficha nyasini. Nyuma ya kichaka walikaa Fisi na mkewe. Jua likizama, kila anapotaka kutoka, Fisi huuliza, "Sasa wapi, mama watoto?" Mkewe hujibu kwa mafumbo, majirani wasielewe: "Kinu!" Au, "Ungo!" Au, "Mwiko!"

Bi Kanga alijua Fisi hupenda mayai, basi neno mojawapo maana yake ni viota. Lipi? Hakujua.

Akasikia "Kinu!" Akahamisha mayai mbio; moja likapasuka. Fisi hawakuja. Akasikia "Ungo!" Akahamisha, jingine likapasuka. Fisi hawakuja. Akasikia "Kinu!" tena. Mbio, pasu! Fisi hawakuja.

Jirani yake, Nungunungu, akacheka mpaka miiba ikalia cha-cha-cha. "Fisi aje kufanya nini, Bi Kanga? Mayai unayamaliza mwenyewe!"

"Nimekosa, jirani. Kila neno nalikimbilia. Ee Mola, nipe utulivu."

Akatulia. Kila neno likiitwa, akaweka kokwa moja kwenye fungu lake. Mwezi ukaandama, ukajaa, ukapungua. Fungu la kinu likavimba kama kichuguu. La ungo likamfika magotini. La mwiko, vikokwa vichache tu, na mara zote hizo Mola alimsitiri.

"Jirani, Fisi huenda wapi kila siku?"

"Mtoni. Nani hanywi maji?"

"Na mara nyingi?"

"Jalalani, kwenye mifupa."

"Na mara chache?"

"Vichakani. Kupata kiota si mchezo."

"Basi kinu ni mto, ungo ni jalala, na mwiko ni sisi!"

Hata hajafunga mdomo, mke wa Fisi akaita: "Mwiko!"

"Jirani, nilalie mayai!"

"Mimi? Mwanamume mzima?"

"Lalia, baba, mgongo juu!"

Fisi akaja akinusa, akasukuma pua nyasini. "Yalaa! Mama watoto, mayai ya siku hizi yana miiba!"

Kesho yake Fisi na mkewe wakabadili maneno: "Jembe!" "Shoka!" "Mundu!" Bi Kanga hakuhama. Akaanza mafungu mapya, maana Fisi kabadili maneno, kiu hakuibadili. Vifaranga wakaanguliwa, wakawa wanambebea kokwa.

Basi wanangu, neno moja lisiwatimue mbio. Sikilizeni mengi, yahesabuni, ndipo mseme mmejua.

Ngano yangu imetua hapo. Nilipotia chumvi, Mola anisamehe. Nami nakwenda kula yai langu. La kuku, jamani! Msinitazame hivyo.