Kiti cha Mbele cha Sikudhani

Sogeeni, na mwenye cha kutafuna akimeze kwanza. Leo nawapa kesi, hukumu ni yenu.

Walikuwapo watu watatu huko Lushoto. Shekiondo, fundi redio, alikuwa na mikono: kilichowashinda wengine, kwake kilipona. Zuwena alikuwa na ubishi. Tangu aanze kusema hajashindwa maneno. Mjomba Hoza, dereva wa malori wa zamani, alikuwa na masikio, maana macho yalikwisha kumwacha.

Wote walimpenda Sikudhani, jirani wa fundi, wifi wa Zuwena, mpwa wa mzee. Yeye alikuwa akipeleka kabichi sokoni kwa pikapu yake, mpaka siku ilipopinduka konani. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini tangu hapo akishika usukani mikono ilitetemeka hadi anashuka. Miezi minne kabichi zilimwozea shambani, na aibu ikamla.

Shekiondo akaokota gemu kuukuu la magari ya kugongana, ambamo gari la mwisho linalotembea ndilo linaloshinda. Akalihangaikia siku tatu likawaka, akampelekea Sikudhani pamoja na televisheni yake mwenyewe. "Dada, humu gonga utakavyo. Hakuna atakayeumia."

Siku ya kwanza Sikudhani aliendesha kwa adabu zake zote: akapunguza mwendo, akawapisha wenzake. Zuwena, aliyekuwa akicheza naye, akamgonga ubavuni, gari likabiringika. Sikudhani akaweka chini pedi, kile kidude cha kuendeshea gemu, akalia. Zuwena akamrudishia mkononi. "Wifi, kaka yangu alioa dereva. Kama umeacha, sema nimtafutie mwingine!" Sikudhani akacheka machozi yakimtoka, akacheza tena. Kila alasiri Zuwena alikuja, akamgonga, akamtania, akamrudishia pedi.

Lakini kwenye kona bado alipinduka. Mjomba Hoza alikaa mkekani wiki nzima akisikiliza injini za gemu. Kisha akasema, "Mwanangu, unakanyaga breki ukiwa katikati ya kona. Kanyaga kabla hujaingia. Siku ile ya pikapu ulifanyaje?"

Sikudhani akakumbuka. Alifanya vilevile. Kumbe hakurogwa wala hakulaaniwa; alikosea tu, na kukosea kuna dawa.

Jumatatu gari lake likabaki peke yake uwanjani, linachechemea, limeshinda. Akazima gemu, akatoka, akawasha pikapu. Mikono ikatulia. Akaipita kona ileile, akarudi akimshukuru Mungu kwa sauti.

Kesho yake kabichi zikapakiwa. Sasa, kwa kina Sikudhani, gari lililopata ajali likirudi kazini, kiti cha mbele hupewa yule aliyelirudisha. Ni mmoja tu. Wengine hupanda nyuma na mzigo.

"Bila gemu langu mngecheza nini?" akauliza Shekiondo.

"Na bila mimi angeacha siku ileile ya kwanza!" akadakia Zuwena.

"Na mngegongana mpaka kiama," akasema Mjomba Hoza, "kona isipitike." Wala nyie wasikilizaji msiniambie mzee apewe kwa uzee wake, kiti cha huruma amekikataa mwenyewe.

Sikudhani ameshika mlango wa pikapu, moyo umemjaa. "Nyote mmenirudishia mikono yangu," akasema. "Ningekuwa na viti vitatu, nisingesimama hapa."

Anacho kimoja, na soko halingoji. Haya, nyie mlionisikiliza: ungekuwa wewe uliyeshika mlango huo, ungemwambia nani "karibu"?