Kifaru Aliyekimbizana na Kishindo Chake

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa mguu."
"Ukakanyaga."
"Ukakanyaga, ukasemaje?"
"Tii!"

Basi hicho mlichokifanya, wanangu, ndicho kishindo. Gunia la mahindi likidondoka kutoka darini, hicho ni kishindo. Harusi ikijaa ngoma na wageni, watu husema imefana kwa kishindo. Timu ikifungwa mpaka mashabiki wake wakaondoka kabla ya kipenga, imeshindwa kwa kishindo. Sisimizi akianguka kutoka kwenye jani, hicho si kishindo, ingawa ukimwuliza mwenyewe atakueleza vingine.

Hapo zamani, katika nyika moja kavu, aliishi Sange. Sange ni mnyama mdogo kama panya, ila pua yake ni ndefu na huchezacheza kama inayonusa habari za majirani. Akiwa na jambo zito la kusema, hupiga ardhi kwa mguu wa nyuma: ti-ti-ti. Yeye mwenyewe alijua kwamba hiyo ti-ti-ti haijawahi kumtisha mtu.

"Mguu wangu huu," alizoea kusema, "nikiukanyaga, lazima nimwulize mke wangu kama amesikia."

Wanyama wa nyika ile walikuwa na desturi yao kwenye dimbwi la maji. Kila anayekuja husimama kando na kukanyaga ardhi kwanza, ili aliyeinama kunywa asishtuke akadhani ni simba. Aliyeko majini naye hujibu kwa kukanyaga. Mwenye kishindo kidogo humpisha mwenye kishindo kikubwa. Wakati wa mvua hakuna aliyeijali sana desturi hiyo, maana maji yalikuwa tele.

Kisha kiangazi kikaja. Dimbwi likapungua, likapungua, likabaki kama uwanja wa kuanikia mtama. Hapo Kifaru akaikumbuka desturi. Akaingia majini, akalala humo, akasema, "Mwenye kishindo kuliko changu aje."

Alikuja Ngiri, akakanyaga: pu. Kifaru akajibu: tii. Ngiri akarudi na kiu yake. Alikuja Kanga, akakanyaga: pa. Kifaru akajibu: tii. Kanga akarudi na kiu yake, tena akilalamika njia nzima.

Sange naye akaja, kwa sababu watoto wake walikuwa hawalii tena. Midomo ilikuwa imekauka mno. Akasimama kando ya dimbwi, akavuta pumzi, akakanyaga kwa nguvu zake zote: ti-ti-ti.

"Nani huyo anayepepeta choroko?" Kifaru akauliza.

"Ni mimi, mzee. Sange."

"Nangoja kishindo chako."

"Ndicho hicho, mzee. Kimeshapita."

Kifaru akacheka mpaka maji yakamwagika kando. Kisha akakanyaga: tii. Sange akarushwa juu kama bisi, akatua kwa pua.

Alipofika nyumbani nyuma ya kilima, mkewe, Mama Chepe, akamwuliza, "Umeleta maji?"

"Nimeleta vumbi. Limo puani, nikipiga chafya tutagawana."

Mama Chepe hakucheka. Aliwatazama watoto, akasema, "Kesho usiende na mguu, Baba Chepe. Mguu wako tunaujua. Nenda na kitu kingine."

Asubuhi Sange akarudi dimbwini. Hakukanyaga. Alilaza sikio chini, akafumba macho kama anayesikiliza taarabu.

"Unafanya nini hapo, kipua?" Kifaru akauliza.

"Shikamoo, mzee. Nangoja kishindo chako. Cha jana bado kimenikaa kichwani. Lo, kile kishindo. Hapa si kitu sana, lakini kikifika kule kwetu nyuma ya kilima kinakuwa kikubwa mara mbili. Mawe yaliporomoka. Mke wangu alidhani ni radi ya mvua, akawatoa watoto nje wakaachama."

Kifaru akainua kichwa. "Kikubwa kuliko hapa?"

"Mzee, hapa wewe umekikalia. Utakisikiaje? Sisi wadogo ndio tunaokifaidi."

Kifaru akakunja uso. "Kishindo ni changu, na mnakifaidi nyinyi?"

"Ndiyo hivyo, mzee. Hata mimi naona si haki."

"Nami nakitaka. Nakitaka chote."

"Basi kanyaga hapa, halafu ukimbie mpaka nyuma ya kilima, ukitangulie. Ukifika mapema utakisikia kikiingia."

Kifaru akatoka majini, akakanyaga: tii. Akakimbia: vu-vu-vu-vu, mpaka nyuma ya kilima. Akatega masikio. Kimya.

Mama Chepe alikuwa ameketi mlangoni. Hakuwa ameambiwa chochote, lakini mwanamke aliyeishi na Sange miaka yote ile hahitaji kuambiwa.

"Kishindo changu kimefika?" Kifaru akauliza akihema.

"Pole, shemeji. Kimetoka sasa hivi. Ungekuwa na mbio kidogo tu, mngekutana hapo mlangoni."

Kifaru akarudi mbio: vu-vu-vu-vu. Akakanyaga: tii. Akakimbia tena: vu-vu-vu-vu. Kimya.

"Ee shemeji, leo kina haraka. Hata salamu hakikupokea."

Huku nyuma, watoto wa Sange walikwenda dimbwini kwa vijia vyao vya nyasini, wakanywa. Ngiri akanywa. Kanga akanywa na kulalamika kwamba maji yana matope. Wakisikia vu-vu-vu-vu wanajificha, wakisikia tii wanajiandaa, wakisikia vu-vu-vu-vu inakwenda zake wanarudi kunywa.

Jua lilipofika utosini, Kifaru akaja akiburuta miguu, ulimi umening'inia. Safari hii wanyama hawakuwahi kujificha. Sange alikuwa katikati ya funda la maji.

Kanga, ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema, "Kanyaga kwanza, mzee. Si ndiyo desturi?"

Kifaru akainua mguu. Ukapanda kidogo, ukarudi wenyewe: fu.

Wote wakamtazama Sange, maana ndiye aliyekuwa majini. Sange hakukusudia kujibu. Ilikuwa ni hofu tu ndiyo iliyomtikisa mguu: ti-ti-ti.

Kifaru akatega masikio. "Hicho kimezidi changu," akasema. Akaketi kando, akangoja mpaka wote wakashiba.

Sange akatoka majini kifua mbele, mpaka akajikwaa kwenye pua yake.

Kifaru alipokwisha kunywa, akainamisha kichwa, akamnong'oneza, "Sange, kesho nikianza alfajiri, nitakiwahi?"

"Mzee," Sange akasema, "leo umekikosa kwa unywele tu."

Hadithi yangu imekanyaga hapo, imenyamaza. Mwenye masikio aizoe, mwenye usingizi aiache. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mwenye kelele nyingi ndiye mwenye haki. Mkibisha, nitazameni mimi. Nimepaza sauti tangu mwanzo, na wote mmenisikiliza, isipokuwa hao sita wanaokoroma pale nyuma.