Jembe la Kaburi la Sekela

Hapo zamani, na msinikatize, kilikuwako kijiji kando ya mto mkorofi. Watu wake walikuwa pande mbili, Mgomba na Mkuyu, na kila upande ukiutaka uchifu. Ngoma ya mafuriko waliilinda kwa zamu. Mlinzi akiona maji yanashuka mlimani hupiga, na walio mtoni hukimbia.

Mwaka wa kwanza Ambakisye wa Mgomba aliiacha ngoma akaenda kunywa pombe. Maji yakabeba mbuzi wa Mkuyu. Mkuyu wakasema, "Avuliwe zamu." Mgomba wakasema, "Jua lilikuwa kali. Nani hachoki?" Akabaki na zamu yake.

Mwaka wa pili Lusajo wa Mkuyu aliiacha ngoma akaenda kunywa pombe. Maji yakabeba ulezi wa Mgomba. Sasa Mgomba ndio wakasema, "Avuliwe zamu." Na Mkuyu, wale wale, wakasema, "Jua lilikuwa kali. Nani hachoki?" Wala hawakuona haya.

Mama mmoja tu wa Mkuyu, Tusekile, aliwaambia wenzake, "Mtu wetu amekosa."

Wakamjibu, "Mama Sekela, Mgomba wamekupa nini?" Basi akanyamaza. Hakusema tena.

Mwaka wa tatu, siku ya zamu ya Lusajo, ngoma ilikuwa peke yake. Sekela, binti wa Tusekile, alikuwa mtoni anafua. Ambakisye alipita karibu na ngoma, akayaona maji yanakuja. Hakupiga. Sekela aliopolewa kesho yake, nguo bado kaishika mkononi.

Desturi ya pale, mwenye kosa la kifo ndiye huchimba kaburi. Jembe likawekwa uwanjani.

Lusajo akasema, "Niliondoka, ndiyo. Lakini mliniachia zamu mkinijua."

Ambakisye akasema, "Niliyaona. Ningeigusa ngoma siku ya Mkuyu, mngenivunja mkono." Na kweli wangemvunja.

Wazee wa Mkuyu wakasema, "Sisi tulimtetea wetu kama Mgomba walivyomtetea wao."

Wazee wa Mgomba wakasema, "Zamu haikuwa yetu."

Jua likapanda. Nzi wakaanza kumjia Sekela.

Tusekile akainuka. "Nilijua, nikanyamaza," akasema. Akalishika jembe, akachimba mpaka viganja vikachubuka, na pande zote mbili zimesimama zinamtazama.

Wewe uliyekwisha kutaja mtu moyoni, ngoja kwanza. Ungemtaja huyo huyo kama zamu ingekuwa ya Mgomba? Haya, semeni. Je, nani alistahili kulishika jembe lile?