Mama Aliyezikwa Kwenye Televisheni

Methali zote zimo kiganjani mwa anayesimulia hapa, wala hakuna wa kumfundisha. Ingawa hii ya leo, njia ya mwongo ni fupi, alichapiwa darasa la tatu na bado akaisahau kwenye mtihani. Maana yake ni kwamba uongo haufiki mbali kabla haujamuumbua mwenyewe.

Mama Kidoti alikuwa fundi cherehani. Binti yake, Kidoti, aliingia katika shindano la televisheni ambamo vijana kumi hufungiwa nyumba moja, na watazamaji hupiga kura nani abaki. Kuimba alijua. Lakini wiki ya kwanza waliopendwa hawakuwa walioimba, bali waliolia. Aliyekimbiwa na baba alipata kura; aliyeunguliwa na nyumba akapata zaidi. Kidoti, aliyelelewa akashiba, hakuwa na msiba wa kuuza. Basi akamuua mama yake kwa mdomo.

"Nilimzika nikiwa na miaka tisa," alisema, machozi yakimtoka kama bomba bovu.

Mama alikuwa akipinda pindo mbele ya televisheni. Sindano ikamchoma kidole. Kura zikapanda mpaka Kidoti akafika fainali, na mama akameza shubiri. Wateja walipong'aka, aliwaambia, "Mwacheni mwanangu, msimharibie. Kufa kwenye televisheni hakuumi."

Kuliuma.

Siku ya fainali, mtangazaji na mpiga picha walibisha hodi, matangazo yakiwa hewani.

"Tumekuja kuona kaburi la marehemu. Wewe ni nani, mama?"

Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwake. Kwenye simu ya mtangazaji, iliyounganishwa moja kwa moja na kule shindanoni, alimwona mwanawe, kavaa gauni aliloshona yeye, kakodoa macho.

"Mama yake mdogo. Marehemu ni dada yangu."

"Kidoti, ni kweli?" mtangazaji aliiuliza simu.

"Kweli kabisa. Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," mama aliitikia, sauti ikikatika kama uzi uliooza.

Hapo akaingia jirani, mkunga mzee asiyekuwa na televisheni wala haya.

"Mama Kidoti! Blauzi yangu tayari? Na watu wote hawa wa nini, au Kidoti wako kashinda? Yule niliyempokea kwa mikono hii ulipomzaa?"

Mpiga picha hakuzima kamera. Kwenye simu, Kidoti alijifunika uso kwa pindo la gauni lake.

Njia ya mwongo ni fupi; yake iliishia mlangoni kwa mama yake.