Kioo cha Juu na Kanga ya Bi Nakiete

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, msije mkadhani nawapeleka enzi za sungura na fisi kusemezana, palikuwa na gari jekundu lenye kioo juu ya paa. Kioo kirefu, kimeanzia utosini kwa dereva kikaishia kiti cha nyuma. Waliolitengeneza kwao kuna baridi, na jua kwao ni mgeni wa heshima. Gari likapanda meli, likashuka, likaja kuangukia Same, tambarare ya chini ya milima ya Upare. Huko jua si mgeni. Huko jua ndiye mwenye nyumba.

Mwenye gari alikuwa binti mmoja, Namsifu, mwalimu wa shule ya msingi. Hakulinunua kwa maringo. Alilinunua kwa ajili ya mama yake, Bi Nakiete, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka kazi. Mara tatu kwa wiki ilibidi apelekwe Moshi akasafishwe damu kwa mashine, na zamu yake ilikuwa saa nane mchana. Mwalimu mkuu akamwonea huruma Namsifu, akampangia vipindi vya asubuhi. Ikawa safari zote zinaangukia palepale jua linaposimama kichwani. Namsifu aliendesha. Baba yake, Mzee Senkondo, alikaa nyuma, na mkewe akalala kichwa kikiwa pajani pake, uso ukitazama juu.

Sasa mgonjwa wa figo, kama hamjui, hanywi maji apendavyo. Mwili hauyatoi. Yakizidi, yanapanda kifuani. Daktari alimpimia Bi Nakiete vikombe viwili vidogo kwa siku, basi. Vikombe viwili, Same! Basi nifuateni: jua likiwaka, kiu inakuja. Kiu ikija, maji yanaombwa. Maji yakiombwa, anayekupenda hana la kufanya ila kugeuza uso.

Kiyoyozi cha gari kilikuwa kimekufa. Kifuniko cha ndani, kile cha kuvuta chini ya kioo, kilishang'oka kabla gari halijawafikia. Wakifungua madirisha, upepo wa moto uliingia na vumbi lake, mgonjwa akakohoa mpaka machozi.

Lakini Bi Nakiete alikipenda kioo kile. Alizaliwa huko juu milimani, na mtu wa milimani hata akishuka tambarare haachi kutazama juu. Akilala vile aliyaona mawingu, na ukingoni mwa kioo vilele vya kwao.

"Baba Namsifu, ona, kwetu kumefunga. Leo wanapanda maharage."

Siku nyingine: "Aa, mawingu ya uongo hayo. Yamekuja kutembea tu."

Basi siku moja Namsifu akatupa jicho kwenye kioo cha dereva cha kutazamia nyuma, akamwona mama yake akilamba jasho la mkono wake mwenyewe. Alilia kimyakimya mpaka wakafika. Jumamosi akampakia mama, akalipeleka gari kwa Fundi Shafii, mbandika tinti wa karibu na stendi.

"Fundi, nizuilie jua."

"Jua lote, mwalimu?"

"Lote. Weka nyeusi kabisa."

Hapo ndipo neno lilipowateleza. Lugha yetu hii tamu ina neno moja, jua, kwa mwanga unaotuonyesha njia na kwa moto unaotuunguza. Namsifu alitaka moto uzuiwe, kinywa kikasema jua. Fundi akasikia jua, akatoa karatasi nyeusi tii. Mwalimu akaenda sokoni, mama akawekwa kwenye benchi ndani ya karakana, karibu na dirisha, angoje. Likumbukeni benchi hilo.

Safari ya kwanza Bi Nakiete alishukuru. "Ahsante, mwanangu. Moto umepungua." Ulikuwa umepungua kweli, kidogo.

Safari ya pili akauliza, "Namsifu, kwetu kuna mawingu?"

Namsifu akatazama mbele. Mawingu mazito yalikuwa yameikalia milima kama kuku juu ya mayai. Akawaza: nikimwambia yapo, nitamtamanisha asichoweza kukiona. Akajibu, "Hakuna, mama. Ni kweupe."

Safari ya tatu: "Kwetu kuna mawingu?" "Hakuna, mama."

Safari ya nne: "Kuna mawingu?" "Hakuna."

Safari ya tano mama hakuuliza. Alisema tu gizani, "Basi kwetu wanakufa kwa njaa mwaka huu."

Safari ya sita alikataa kupanda gari. Alishika mwimo wa mlango wa nyumba, na mkono ule uliokonda ukawa na nguvu za ajabu. "Kaburi linaningoja," alisema. "Sina haja ya kulifanyia mazoezi." Akakosa zamu moja. Akakosa ya pili. Miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

Siku ya zamu ya tatu, asubuhi, Namsifu alitoka akamkuta baba yake amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma cha gari, ana wembe na ndoo ya maji ya sabuni, anakikwangua kioo cha juu kwa ndani.

"Baba, unafanya nini?"

"Namrudishia mama yako mbingu yake."

"Na joto, baba? Daktari alisema..."

"Daktari alisema pia asikose zamu. Amekosa mbili. Unataka ya tatu?"

Namsifu angeweza kubisha. Alikuwa mwalimu, kubisha anakujua. Lakini alichukua ndoo akamshikia. Muda ukawakimbia, na mzee akawahi kukwangua upande wa nyuma tu, pale juu ya kichwa cha mkewe. Kioo kikabaki nusu nyeusi, nusu nyeupe.

Bi Nakiete alipanda gari bila kulazimishwa. Akalala, akatazama juu, akacheka kama msichana. Kisha kicheko kikakatika.

"Namsifu. Si ulisema hakuna mawingu?"

"Yamekuja leo, mama."

"Mawingu ya leo huwa hayaoteshi majani leo. Mlima wote ule ni kijani."

Namsifu alikaza macho barabarani. Masikio yalimwaka moto kuliko jua la nje.

Na jua nalo likawaka. Mzee akaikunjua kanga ya mkewe, akaishika kwa mikono miwili chini ya kioo. Bi Nakiete akaisukuma. "Toa, unaniziba." Jua likawaka, kiu ikaja. Kiu ikaja, maji yakaombwa.

"Baba Namsifu, tone tu."

Mzee akampa kikombe cha kwanza. Akampa cha pili. Hapo ndipo daktari alipoweka mpaka.

"Baba Namsifu, nakuomba. Ni mimi nakuomba."

Miaka arobaini na moja ya ndoa, na mwanamke yule hakuwahi kumwomba mumewe kitu mara mbili. Mzee akampa cha tatu, akampa cha nne. Namsifu aliyaona yote kwenye kioo cha dereva. Hakusimamisha gari. Hakusema, "Baba, acha."

Walipokaribia Moshi, pumzi ya mama ikaanza kukoroma majimaji. Akaivuta kanga, akaibana kifuani, akasema kwa vipande, "Kanga yangu... mpeni... aliye... jua." Hakusema tena. Gari lilipoingia geti la hospitali, macho yake yalikuwa wazi yakitazama juu, na hayakuwa yakiona mawingu yoyote.

Walimzika kwao milimani, kwenye udongo uliolowa. Doti ile ya kanga ilikuwa ya pande mbili. Upande mmoja alikwenda nao. Uliobaki ulikuwa umeandikwa: WEMA WAKO UMENIFIKIA.

Ikaja siku ya kugawa vitu vya marehemu. Aliyegawa ni dada yake mkubwa, Mama Naetwe, mwanamke wa sauti kubwa na subira ndogo. Sufuria kwa fulani. Kitenge kwa fulani. Shuka ya kitandani, we mtoto wa mdogo wangu, chukua, usinitazame hivyo. Mwisho ikabaki kanga. Akauliza maneno ya mwisho yalikuwaje, wakamwambia.

"Aliye jua? Mtu gani ndiye jua? Semeni vizuri, mimi si mganga."

Mzee Senkondo akasema, "Shemeji, pumzi ilikuwa inamkatika. Alitaka kusema, aliyenipa jua. Wote walimfunika, mimi nikamfunua. Nilikwangua kioo kwa wembe mpaka vidole vikatoka damu. Amekufa akitazama kwao. Kanga ni yangu."

Namsifu akasema, "Baba, samahani. Alitaka kusema, aliyenizuilia jua. Nilimwona akilamba jasho lake. Nani mwingine aliona? Nilimpeleka nikaweka tinti, na kwa safari tano hakuomba hata tone. Tinti ingebaki, angekuwa hai. Kanga ni yangu."

"Angekuwa hai gizani," alisema mzee.

"Angekuwa hai, baba!"

Ndipo ikasikika hodi. Alikuwa Fundi Shafii, amepanda mlima mzima kwa miguu, ana karatasi imeviringishwa kwapani. Alitoa pole kwa kila mtu, kisha akabaki amesimama.

"Nimesikia hapo mlangoni mnavyolikata neno la mama," alisema. "Mimi naona mama hakulikata. Alisema neno moja: aliyejua."

"Alijua nini?" aliuliza Mama Naetwe.

"Siku ile alikaa kwenye benchi langu. Jua la dirishani lilimwangukia mapajani, jeupe kabisa, lakini halikumchoma. Akagusa kioo, akacheka. Akaniambia, 'Mwanangu, dirisha lako hili lina adabu. Linaingiza jua bila ugomvi.' Kisha akaniuliza, 'Hakuna namna ya kunizuilia moto ukaniachia mawingu?' Nikamjibu, 'Hakuna, mama.'"

"Na ilikuwepo?" aliuliza Namsifu, ingawa moyo wake ulishajua.

Fundi akaikunjua ile karatasi. Haikuwa na rangi. Uliiona kwa kingo zake tu. "Hii inazuia moto, mwanga inauacha upite. Niliibandika dirishani kwangu. Zamani nilikuwa naisifia kwa kila mteja. Wakanicheka: fundi, unatubandikia hewa? Mmoja akaniita tapeli mbele ya watu. Nikafunga mdomo. Na siku ile nilishakata nyeusi, nilishailowanisha, nikaona uvivu kuanza upya. Mama alinitazama, akatazama dirisha, akanyamaza. Alijua kwamba najua. Siidai kanga kama zawadi. Naidai kwa sababu ni yangu."

Akaishika karatasi juani, pale uani. Namsifu akapeleka mkono chini yake. Mwanga ukaujaza mkono wote, mpaka mistari ya kiganja ikaonekana, na moto ukabaki nje. Akainua uso akatazama kupitia ile karatasi. Mawingu yote yalikuwepo, hata moja halikupungua. Akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata makaburini.

"Kama neno ni aliyejua," Mzee Senkondo alisema taratibu, "mimi nilijua hesabu ya vikombe. Niliijua kuliko jina langu."

"Nami nilijua mawingu yapo," alisema Namsifu. "Mara tatu aliniuliza. Na vikombe niliviona, baba. Niliviona nikaendesha."

Basi tazameni mambo. Mwanzo walikuwa wakinyang'anyana kanga ya shukrani. Sasa kila mmoja anaitaka kama mtu anavyotaka adhabu yake, na kila mmoja anaogopa kunyoosha mkono, kwa maana maandishi yake yanasema wema, na wao wameshajihesabu. Fundi alijua dawa akaificha. Mzee alijua mpaka akauvuka. Binti alijua ukweli akaufunika. Na wote watatu, kila mmoja kwa namna yake, isipokuwa labda yule fundi, na hata yeye sijui, walimpenda mama yule.

Mama Naetwe aliivuta kanga magotini pake. Kuichana alikataa, kanga ya marehemu haichanwi, alisema. Kurudi nayo nyumbani alikataa pia, neno la marehemu halilali njiani. Akawatazama mmojammoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti ilimpotea.

Nami yangu yameishia hapo kwenye magoti yake. Gari bado liko Same, nusu ya kioo nyeusi, nusu nyeupe, na Namsifu hupita kando yake kila asubuhi akienda shule kwa miguu. Ninyi mliokaa kivulini mkinisikiliza, nisaidieni: mama alikuwa anashukuru, au alikuwa anashitaki? Na kanga ile, WEMA WAKO UMENIFIKIA, kati ya aliyemzuilia jua, aliyempa jua, na aliyejua, je, nani aliistahili?