Njia Isiyonung'unikiwa

Hapo zamani alikuwako Sultani akiitwa Feruzi, na nje ya mji wake palikuwa na kiunga chenye njia moja tu ya kwendea sokoni. Ikawa siku moja gari la Sultani, lenye kukokotwa na farasi sita, likakwama katikati ya wachukuzi wa maji, punda wa makaa na Bi Mize, kizee kipofu aliyekuwa akipapasa kwa fimbo. Waziri akasema, "Bwana, na zivunjwe nyumba arobaini, njia ipanuliwe."

Basi mojawapo ilikuwa ya Mshamu, fukara asiye na kitu ila ulimi wake. Akaenda barazani, akainama. "Bwana wangu, njia yaweza kujengwa upya iwafae wote, pasi na kuvunja hata ukuta mmoja."

"Vema," akasema Sultani. "Nakupa siku saba. Asinung'unike mpitaji hata mmoja. Akinung'unika, nyumba zitavunjwa, na mwenye kushika nyundo ni wewe."

Mshamu akarudi akawauliza watu haja zao. Mwenye gari la ng'ombe akataka mawe magumu, mwenye punda akataka mchanga laini. Wachukuzi wakataka njia iteremke kwenda sokoni, na wakati wa kurudi iteremke tena. Muuza mabata akataka madimbwi yaachwe, maana mabata wake hawatembei pakavu.

Bi Mize akasema, "Mimi, mwanangu, nataka nijue tu nikanyage wapi."

Siku sita zikapita, mke wa Mshamu akaanza kufunga vyombo huku akilia. Siku ya saba Mshamu akaifunga njia kwa kamba huku na huku, akaketi.

Sultani akaja, akakuta watu wamejazana nje ya kamba. "Njia i wapi, Mshamu?"

"Ndiyo hii, Bwana. Tangu alfajiri hajanung'unika mpitaji."

"Na hawa wanaopiga kelele?"

"Hawa hawajapita, Bwana."

Waziri akaona hapo ndipo pa kumkomesha. Akavuka kamba, akaenda hatua tatu, akazama dimbwini hadi magotini. Akailaani njia hiyo na aliyeichimba.

Sultani akasema, "Mshamu, mpitaji amenung'unika."

Mshamu akamwendea Waziri kwa adabu. "Mheshimiwa, unapita?"

"Napita vipi nawe waona nimekwama?"

"Bwana wangu amesikia," akasema Mshamu. "Si mpitaji."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Alipotulia akasema, "Nyumba zimesalimika. Sasa niambie kweli, njia ya watu wote hujengwaje?"

"Bwana, kila mtu apunguziwe kidogo, ili anung'unike kidogo, pasiwe na mmoja wa kulia."

Basi ikajengwa hivyo. Magari yakapewa mawe katikati, punda wakapewa mchanga kandoni, na waendao kwa miguu wakapata ukingo ulioinuliwa, Bi Mize akaufuata kwa fimbo yake hadi sokoni. Mshamu akavishwa joho, akafanywa msimamizi wa njia. Nalo gari la Sultani likaamriwa lipite na farasi wawili tu. Naye Sultani akanung'unika, lakini kidogo.